Frigo ya karavani yenye njia tatu (gesi, 12V, 220V): porini nitumie ipi? Samaki wa Kasenga wameshaoza

MwanaKatuba (mwanzisha uzi)

Bandugu na bayaya, salamu toka Lubumbashi. Naandika na hasira kidogo, mtanisamehe.

Kazi yetu ni kuchimba visima kwa mashine. Tuko watu sita, tunatoka mjini tunakaa porini wiki mbili, mara nyingine tatu, upande wa Kasenga mpaka njia ya Pweto. Mwezi wa tano nilinunua karavani ya zamani kwa mzungu mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa anamaliza mkataba wake mgodini. Ina vitanda vinne, jiko la gesi, na frigo ya lita 90, na hiyo frigo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa bila kubishana sana. Ina swichi ya kuzungusha: alama ya moto, alama ya batri, alama ya plagi. Mzungu akaniambia, "Hii inakula kila kitu." Nikaona nimeokota.

Safari ya kwanza tulilala kama kilomita 40 kabla ya Kasenga. Frigo niliiacha kwenye batri, maana mchana kutwa njiani ilikuwa kwenye batri na baridi ilikuwa safi. Saa kumi na moja alfajiri dereva anazungusha ufunguo: tk, tk, tk, kimya. Tulisukuma Land Cruiser watu watano kwenye mchanga, mpishi amesimama pembeni na sufuria ya chai anatucheka.

Safari ya pili nikasema basi, gesi. Tukanunua samaki wa makobo Kasenga, sanduku zima, tukapanga ndani. Karavani tuliisimamisha kwenye mteremko unaoshuka mtoni, mnajua wenyewe porini hakuna parkingi. Kesho yake jioni nafungua mlango: harufu. Moto wa gesi unawaka, nyuma kunaunguza mkono, lakini ndani joto kama chumbani. Samaki tukawapa mbwa wa kijiji, na mbwa wenyewe walifikiri kwanza.

Leo nimemwita fundi wa frigo wa mtaani. Amegonga bomba za nyuma, anasema gesi ya baridi imeisha, ametoa msumeno mdogo akate bomba ajaze mpya. Nimemwambia angoje niulize kwanza. Yuko nje hapo, amekaa juu ya tairi.

La mwisho ndilo kubwa: mmoja wetu ana ugonjwa wa sukari na anatembea na insulini. Samaki watanunuliwa tena. Sasa niambieni, niikate hiyo bomba? Na nikienda porini niiwashe na nini?

---

Fundi_Baridi

Kwanza mpe huyo bwana nauli arudi kwake na msumeno wake. Nitakueleza sababu akishatoka.

---

MwanaKatuba

Ametoka. Amedai franga elfu kumi za "kuangalia". Endelea, yaya (kaka mkubwa).

---

Fundi_Baridi

Sawa. Natengeneza frigo hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hizi za karavani napata mbili tatu kwa mwaka, karibu zote zimeshaharibiwa na mtu mwenye msumeno.

Frigo yako haina kompresa. Weka sikio nyuma, haingurumi. Ndani ya zile bomba kuna maji, amonia na haidrojeni, vimefungwa kiwandani kwa nguvu kubwa, na hakuna mahali pa kujazia. Zile gesi za frigo za kompresa, Freon haimo, R134a haimo. Angekata, amonia ingempiga machoni, na haidrojeni inashika moto kirahisi. Nawe ungebaki na kabati.

Inavyofanya kazi: chini nyuma kuna chungu kidogo cha chuma kinachopashwa moto. Amonia inachemka inatoka kwenye maji, inapanda juu kwenye mapezi inapoa na kuwa kimiminiko, inateremka kwenye sehemu ya barafu, inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke tena, na hapo ndipo inanyonya joto la samaki wako. Halafu maji yanaikamata, inarudi chini, mzunguko unaanza upya. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni hii kitu mwaka 1922, na tangu 1925 kampuni ya Electrolux ikaanza kuitengeneza. Miaka mia na kitu, haijabadilika sana.

Kwa hiyo chakula chake ni kimoja tu: joto. Moto wa gesi unaleta joto. Ile 220V ni waya unaowaka, kama pasi. Ile 12V vilevile ni pasi. Swichi ya njia tatu inachagua tu nani apashe kile chungu. Mzungu hakukudanganya, ila hakukwambia kila mlo una saa yake.

Sasa mteremko wako. Kwa kuwa hakuna pampu, kila kitu ndani kinateremka kwa uzito wake, na maji hayapandi mlima. Ukiegesha karavani imeinama, amonia inatuama kwenye kona ya bomba na kule chini chungu kinaungua kikavu. Frigo za zamani zinataka nivo kabisa, yaani zikae sawasawa bila kuinama. Hizi za karibuni nyingi zinavumilia kama digrii 3 kwa ubavu na 6 kwa mbele na nyuma. Njiani gari likiyumba si shida, maana linayumba huku na huku na vitu vinaendelea kuteremka. Shida ni kusimama mahali pamoja umeinama, usiku kucha, moto unawaka.

Fanya hivi. Nenda kwa mwashi yeyote, mwombe nivo, ile pimamaji yake. Iweke kwenye sakafu ya sehemu ya barafu, si kwenye sakafu ya karavani, maana karavani za zamani zimepinda. Tengeneza kwa vipande vya mbao chini ya matairi. Chomeka 220V, weka kipimajoto ndani, funga mlango na usiuguse masaa 24. Ukiona unga wa njano kwenye bomba za nyuma, au ukisikia harufu ya amonia, usihangaike, imekufa. Kama hakuna, tuna matumaini.

---

PanoNaJua

Kaka MwanaKatuba usijisumbue na magesi. Weka pano mbili za jua juu ya karavani, wati 100 kila moja, batri moja nzuri, swichi kwenye 12V, umemaliza. Jua la Katanga ni la bure. Mimi nauza, nitakufanyia bei.

---

Fundi_Baridi

Mdogo wangu, tupige hesabu kabla ya bei.

Waya wa 12V wa frigo ya lita 90 unakula kama wati 150. Na nyingi kwenye 12V hazina kikata-joto, zinakula mfululizo mchana na usiku. 150 mara 24 ni wati-saa 3,600. Pano zako mbili, siku nzuri ya mwezi wa saba, zikikuletea 1,000 umshukuru Mungu. Mwezi wa kwanza mvua ikinyesha kutwa, hata nusu ya hiyo hupati.

Upande wa batri: 3,600 gawa kwa 12 ni ampea-saa 300 kwa siku. Batri ya risasi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae. Kwa hiyo batri sita, kwa usiku na mchana mmoja bila jua. Ndiyo maana Land Cruiser ilisukumwa.

12V ya frigo hii ni ya njiani tu, alternata (jenereta ya injini ya gari) ikiwa inazunguka. Gari likizimwa, na swichi itoke hapo. Funga rele inayokata yenyewe ufunguo ukizimwa, maana dereva atasahau. Wewe mwenyewe ulisahau.

---

PanoNaJua

Kwa njia hiyo sawa, nimekubali. Nilikuwa nafikiria frigo ya kompresa. Zile za 12V za kompresa ni habari nyingine na pano mbili zinatosha. Naomba msinichome.

---

ShoferiKasumba

Hapo kwa kompresa niko na la kusema. Mimi niko kwenye kamyo, Kolwezi mpaka Kasumbalesa na kuvuka Zambia. Mnajua foleni ya Kasumbalesa: siku mbili, siku nne, kichwa cha kamyo kinatazama tako la kamyo. Niko na frigo ya kompresa ya lita 45, ya sanduku, mlango uko juu. Inalala imeinama, inalala kwenye kilima, haijali. Kompresa ikiwaka inakula ampea 4 hivi kwa 12V, kwa 24 nusu yake, halafu inapumzika. Kwa siku ni kama ampea-saa 40 za 12V. Linganisheni na zile 300 za mkubwa Fundi.

Lakini niliua batri mbili kabla ya kujifunza. Frigo ya kwanza ilikuwa ya 12V peke yake, na kamyo ni 24, batri mbili zimeshikana. Fundi umeme mmoja akachukua waya katikati, kwenye batri moja, akasema "hapa kuna 12, tumia." Miezi mitatu. Batri moja inanyonywa kila usiku, nyingine imeshiba, alternata haijui tofauti, inazijaza zote sawa. Ile ya njaa inakufa kwa njaa, ile ya shibe inachemka. Nikazika zote mbili siku moja. Bandugu wa makamyo, msichukue 12V katikati. Nunua frigo inayokubali 24, au weka kifaa cha kupunguza 24 kuwa 12.

La pili ni waya. Nilikuwa na waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, mita sita toka batri mpaka nyuma ya kiti. Kompresa inajaribu kuwaka, inazima, inajaribu, inazima. Nilifikiri imekufa. Ilikuwa volti zinaishia njiani: kile kidude cha umeme cha frigo kinapima volti, kikiona zimeshuka karibu 10.4 kinakata ili kulinda batri, na hakiwashi tena mpaka zirudi 11.7 hivi. Nikaweka waya wa 6, pamoja na fuzi karibu kabisa na batri. Mpaka leo iko muzuri.

---

Fundi_Baridi

Sikiliza huyo. Na MwanaKatuba, waya wako wa kuvutia karavani lazima ni mwembamba vilevile. Pasi ya 12V ikipata volti 10.5, joto halipungui kidogo tu, linashuka mpaka kama robo tatu. Ndiyo maana watu wanasema "12V haipigi baridi". Waya ndio haupigi.

---

Mzee_wa_Likasi

Wanangu, mnanikumbusha mbali. Nyumbani kwa baba yangu, kambi ya wafanyakazi, tulikuwa na frigo ya petroli. Wasomaji wa Tanzania wasichanganyikiwe: kwetu petroli ni mafuta ya taa, na ya gari ni esansi. Chini kulikuwa na tangi la kuvuta kama droo, utambi wa duara, na bomba la moshi nyuma. Ndiyo hiihii anayoeleza Fundi, amonia na maji.

Kazi yangu ya utoto ilikuwa kuinama kila jioni na kipande cha kioo kutazama moto. Ukiwa wa buluu, nalala. Ukiwa wa njano, utambi umekaa vibaya, masizi yanajaza bomba la moshi, na kesho maziwa yamechacha na mimi nachapwa. Tulikuwa na brashi ya waya ndefu ya kusafisha lile bomba, na ndani yake kulikuwa na kipande cha bati kilichosokotwa kama skrubu. Siku moja nilikitoa kukisafisha nikasahau kukirudisha. Moto ukawa mkubwa kweli, wote ukapita juu nje. Baridi sifuri. Mama alinitafuta siku nzima.

Angalia na wewe kama kile cha kusokota kimo. Wasafishaji wengi wanakitupa wakidhani ni takataka.

---

Mama_Salama

Naomba tuzungumze insulini kidogo, maana naona samaki wanapata nafasi kubwa.

Mimi ni muuguzi, nimeshalinda chanjo kwenye frigo za petroli za vituo vya afya, kwa hiyo Mzee namwelewa, na mimi nimeinama na kioo. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya digrii 2 na 8. Watu wanaogopa joto tu, lakini baridi ya kupita kiasi ndiyo inayoua kimyakimya. Ikiganda mara moja, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, itupwe. Frigo hizi za karavani mapezi ya nyuma ndani yanaganda usiku hewa ikipoa. Kwa hiyo chupa za dawa zisiguse nyuma wala zisikae chini ya sehemu ya barafu. Weka kwenye kisanduku cha plastiki rafu ya katikati, kipimajoto humohumo ndani ya kisanduku, si mlangoni. Mlangoni mpishi anafungua kutafuta maji kila dakika tano.

Chupa anayotumia sasa hivi huyo ndugu haihitaji frigo. Aina nyingi zinakaa nje wiki nne hivi, mradi joto lisipite 30, nyingine 25, asome karatasi iliyo ndani ya boksi. Kwa hiyo kwa safari ya wiki mbili, hata frigo ikifa siku ya kwanza, hatakosa dawa akijipanga: ile ya kutumia mfukoni kwenye kivuli, ile ya akiba kwenye frigo. Na akiba ya akiba ni vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Kiangazi hapa hewa ni kavu, kinapoza vizuri. Masika usikitegemee.

Kwenye gari msiache dawa juu ya dashibodi, hata dakika ishirini.

---

Kivu_Yetu

Salamu kutoka Goma. Sisi karavani hatuna, barabara zetu zingeitafuna, lakini frigo ya gesi naijua kwa jibini ya Masisi.

Mambo mawili. La kwanza ni urefu kutoka usawa wa bahari. Goma tuko karibu mita 1,500, frigo inapiga. Niliipandisha Masisi, juu ya mita 2,000, moto ukawa unajizima wenyewe, hasa usiku. Nikabadilisha chupa ya gesi, nikabadilisha detanda (regyuleta ya gesi), wapi. Kumbe hewa ni nyembamba, moto unakosa pumzi, na ule waya wa usalama unaohisi moto ukipoa unafunga gesi. Vitabu vya frigo nyingi za aina hii vinatahadharisha kuanzia futi 5,500, yaani karibu mita 1,680. Lubumbashi mko kama 1,200, hamna neno. Lakini mkipanda uwanda wa juu wa Kundelungu mnaanza kukaribia huko. Ikisumbua huko juu, washa kwa jenereta masaa ya jioni, msihangaike na kichomeo.

La pili. Huku kwetu kila mtoto anajua mazuku. Ni hewa ya volkano, kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na kwenye mashimo. Mbuzi anaingia hatoki, mtu mzima aliyesimama hasikii kitu. Gesi ya chupa haina uhusiano na volkano, lakini tabia ya kulala chini ni hiyohiyo, na hii juu ya hayo inalipuka. Ikivuja ndani ya karavani haipandi kwenye dirisha, inalala sakafuni pale mnapolaza magodoro. Chupa ikae nje, imesimama wima, kwenye sanduku lenye tundu chini. Kila mkibadilisha chupa pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Msipime na kiberiti. Namjua aliyepima na kiberiti, nyusi zimerudi, hamu ya kupima haijarudi.

---

ShoferiKasumba

Na gesi izimwe mkisimama kununua mafuta. Si kwenye stesheni tu, hata kwa Kadhafi, wale wauza esansi wa bidoni kando ya njia. Bidoni iko wazi, faneli iko wazi, nyuma yako kuna moto unawaka ndani ya karavani. Hapana.

---

MwanaKatuba

Matokeo ya masaa 24. Nivo nilipewa na mwashi wa jirani. Karavani ilikuwa imeinama uani kwangu hapahapa na sikujua. Nimeweka mbao mbili chini ya tairi la kushoto. Unga wa njano hakuna, harufu hakuna. Niliwasha saa mbili usiku. Saa tisa usiku delestaji (mgao wa umeme), umeme ukarudi saa kumi na mbili, nikajua nimeshindwa. Lakini asubuhi ilisoma 14, jioni 9, na leo saa mbili usiku 6. Inapiga!!

Halafu nikajaribu gesi. Moto wa njano, kama alivyosema Mzee. Kile cha kusokota kimo. Nifanyeje?

---

Fundi_Baridi

Aksanti Mungu, chungu hakikuungua sana.

Moto wa njano: zima gesi, ngoja ipoe, fungua kile kifuniko cha nyuma. Kichomeo ni kijibomba chenye mikato. Nyuma yake kuna jikleri, kale katundu kadogo ka shaba. Itoe, iloweke kwenye pombe kali ya dukani, ipulize. Usiichokonoe na sindano! Tundu likipanuka kidogo tu, moto umeharibika moja kwa moja. Kijibomba piga brashi. Nakupa dau la soda kwamba utakuta utando wa buibui. Wanapenda sana kujenga humo.

Detanda nayo iangalie. Kama frigo ni ya Afrika Kusini, bati la ndani ya mlango litaandika 2.8 kPa, yaani nguvu ya gesi inayotakiwa. Detanda ya jiko kubwa la mkahawa isiwekwe hapo.

Mwisho angalia zile grili mbili za nje, ya chini na ya juu. Hewa inaingia chini, inatoka juu, inabeba joto la mapezi na moshi wa moto.

---

MwanaKatuba

Buibui wawili. Soda nakudai au unanidai?

Na grili... yaya nina aibu. Zote mbili mpishi alizijaza matambara safari ya kwanza, kuzuia vumbi. Tulilala humo watu wanne, moto unawaka.

---

Mama_Salama

Toeni hayo matambara sasa hivi na myachome. Moto unaokosa hewa unatoa moshi usio na harufu wala rangi, unakulaza na huamki. Muwe na wavu mwembamba wa waya kama ni vumbi na wadudu, lakini hewa ipite. Na kijidirisha kimoja kibaki wazi usiku, baridi ya mwezi wa saba mtaivumilia kwa blanketi.

---

PanoNaJua

Hapo kwenye grili ya juu ndipo mimi naingia na kitu kidogo bila kuuza sana: feni mbili za kompyuta za 12V. Zinakula kidogo mno, pano moja ndogo inatosha, na mchana wa mwezi wa kumi joto likifika 35 zinaokoa kweli. Frigo hizi zinapoza kwa kulinganisha na hewa ya nyuma yake. Nyuma kukiwa tanuri, ndani hakutakuwa barafu.

---

Fundi_Baridi

Kwa hilo namuunga mkono bila masharti.

Basi muhtasari wa matumizi yako, kaka. Siku moja kabla ya safari: uani, nivo, 220V, usiku kucha, na weka maji ya chupa ndani yapoe, maana frigo hii ni ya polepole, ukiingiza samaki wa moto inachukua siku nzima. Njiani: 12V na waya mnene. Mkifika kambini: nivo kwanza, kabla hata ya kushusha sufuria, halafu gesi. Lita 90 inakula kama gramu 300 kwa siku, joto likizidi inapanda, kwa hiyo chupa ya kilo 9 inakupeleka wiki tatu, pengine nne. Jenereta ya kazi ikiwa inawaka mchana kwa mambo mengine, hamia 220V upunguze gesi. Usiwashe jenereta kwa ajili ya frigo peke yake, utakunywa esansi kuliko maji.

---

ShoferiKasumba

Mimi ningeiuza ninunue ya kompresa. Nimesema.

---

Fundi_Baridi

Wewe unalala juu ya batri za kamyo na kila siku alternata inazijaza. Wao wanasimama mahali pamoja siku kumi chini ya miembe, pano kwenye kivuli. Chupa ya gesi haijali kivuli. Angekuwa anahama kila siku, ningesema kama wewe.

---

MwanaKatuba (wiki tatu baadaye)

Tumerudi jana usiku, siku 17 porini. Naleta ripoti kabla sijalala.

Nivo imekuwa kazi ya mpishi, kama adhabu ya matambara. Sasa anajivuna nayo, tukifika anapiga kelele "msishuke, sijapima." Kipimajoto kwenye kisanduku cha insulini kilikaa kati ya 4 na 7, isipokuwa usiku mmoja kilisoma 2 kamili nikaamka kupunguza swichi. Mwenye dawa alilala fofofo, mimi ndiye nililinda. Chupa ya gesi bado ina uzito, nimeipima kwa mzani wa muuza makala (mkaa), zimetumika kilo 5 na nusu.

Siku ya tisa moto ulizimika. Nilianza kulaani buibui, kumbe ni upepo wa jioni ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye grili. Tuligeuza karavani ubavu mwingine, mpishi akapima upya, ukakaa.

Makobo tulibeba kumi na wawili, wamefika Katuba wagumu kama matofali. Mama watoto ameshapika wawili na bukari (ugali). Fundi, kesho napita Kamalondo na wawili wako na ile soda.

Yule bwana wa msumeno nimemkuta leo asubuhi kwa jirani, ameinama nyuma ya frigo nyingine. Hiyo ilikuwa ya kompresa, nimechungulia kwanza, nikamwacha afanye kazi yake.